Faiba Iliyoanza kwa Mkubwa

Kwa Mama Teresa,
Oruba, Migori.
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa shemeji, Baba Lorine,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Lorine, na Lorine mwenyewe ambaye nasikia sasa ni mrefu kuliko mama yake. Huko Halifax najua baridi imeanza kuwatolea makoti kabatini. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia, na bado anakwenda kanisani kwa miguu na kuwakatalia watu wa boda boda mmoja mmoja. Mvua imekuja vizuri na maharagwe yamechipuka.

Najua utashangaa kupewa karatasi siku hizi. Lynnet, binti wa jirani yetu Mzee Okari, anakuja huko wiki ijayo kuungana na mumewe, nami nimemwomba akubebee. Simu ninayo, lakini hapa kwetu simu ya ng'ambo hupigwa sebuleni Mama akiwa ameketi, na kila mtu anasikiliza. Haya ninayotaka kukuambia si ya sebuleni.

Ni juu ya simu aliyokupigia mdogo wako Willis mwezi uliopita. Nadhani ulikata ukiwa hujaelewa ilitoka wapi baada ya miaka sita. Nitakueleza, ila itabidi nianze na kebo.

Unaikumbuka kebo ya Baba, ile iliyokuja kwa ajili ya televisheni kisha ikaleta na intaneti. Kampuni imeuzima mtandao wote wa kebo. Tulianza kupata ujumbe mwezi wa Julai kwamba wateja wote wahamie faiba, na mtaa wetu ungezimwa Ijumaa tarehe ishirini na sita Septemba. Watu wa Oruba walihama mbio. Mzee Okari, ambaye hawezi kuwasha redio bila msaada, alikuwa wa kwanza. Kufikia katikati ya Septemba kila nyumba ilikuwa na ule waya mpya, mwembamba kama uzi wa kushonea magunia, isipokuwa sisi.

Nami ndiye niliyeuhitaji kuliko wote. Sijui kama Mama alikuambia kwamba nasomea diploma ya uuguzi, darasa lote kwa kompyuta. Ilibaki karatasi moja ya mwisho, Jumatatu tarehe ishirini na tisa. Mtihani wenyewe unasimamiwa kwa kamera, uko peke yako chumbani, na mtandao ukikatika umeanguka. Mwaka jana kebo ilinikatikia swali la tatu. Nililia siku mbili, shemeji, na sina haya kusema. Nikianguka tena nalipia mwaka mzima upya, na kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi kuna wasichana wadogo kwangu wanaosubiri nafasi yangu.

Sasa msikilize Mama. Willis alipomwambia kwamba mafundi wa faiba watakuja nyumbani kwetu, alisema waya hautaingia kwa Willis kabla haujaingia kwako.

Nilidhani anatania. Lakini unajua Mama hana mzaha kwa mambo ya nani atangulie. Mpaka leo hakuna mbegu inayoingia ardhini hapa kabla yeye hajapanda mstari wake, na kipande chako hupandwa kabla ya chetu, hata kama uko ng'ambo na mahindi yako tunayala sisi. Nikamkumbusha kwamba kebo ilikuwa kwake na kwetu miaka yote na hakuna aliyedhurika.

"Kebo ilikuwa ya baba yenu," alisema. "Imeondoka kama yeye. Hii mpya ni ya watoto, na watoto wana mkubwa."

Nyumba yako imefungwa na ufunguo unao wewe. Sikuandikii kurudia maneno ya mazishi ya Baba. Nilikuwepo. Uliomba tungoje wiki mbili upate karatasi zako za safari, wazee wakasema Jumamosi, na Willis akakubali Jumamosi. Ulipofika Jumanne udongo ulikuwa bado mbichi. Ulilala usiku mmoja, ukafunga nyumba, ukaondoka, na tangu hapo wewe na mdogo wako mnasalimiana kupitia kwa Mama. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nimelima miaka sita, shemeji, na mgongo unaniuma.

Willis hakubishana na Mama. Aliniambia tu kwamba mambo yakishindikana niende kwa dada yangu Achieng kule Homa Bay, ambaye ana faiba tayari, nifanyie mtihani huko. Nikampigia Achieng. Ijumaa kebo ikazimwa saa nne asubuhi, na taa ya kile kisanduku cha Baba ikafa. Mama alikichukua, akakifuta vumbi, akakifunika kitambaa.

Jumamosi fundi akaja. Ni mwanamke, anaitwa Sumayya, binti wa Ahmednur mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuja na ngazi yake akijua anaunganisha nyumba moja, akakuta kesi. Namsifu kwa sababu hakucheka. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu kama mila inadai waya uingie ndani ya nyumba ya mkubwa au ufike tu.

Mama akasema kufika ni kufika.

Basi Sumayya akavuta waya kutoka kwenye nguzo mpaka nyumbani kwako. Amefunga kisanduku kidogo cheupe kwenye ukuta wako wa nje, chini ya paa, upande wa dirisha la sebule. Kutoka hapo waya umeendelea mpaka kwetu. Kwenye fomu palipotakiwa jina la mahali, Mama alimwambia aandike jina lako, "Kwa Cephas". Sumayya alisema hajawahi kuona nyumba iliyokaa miaka sita bila mtu na haina hata kiota kimoja cha nyigu. Willis alikuwa amesimama hapo hapo ameshika ngazi, akajifanya hasikii.

Saa kumi na moja jioni taa ya kijani ikawaka kwetu. Nilikuwa nimeshafungua kompyuta. Mama akaweka mkono juu ya meza, akasema bado. Mkubwa ndiye huonja kwanza, kwa hiyo simu ya kwanza iende kwako, na apige Willis.

Hapo nilikata tamaa. Ni rahisi kumwomba Willis ahamishe vilima vya Gwassi kuliko kumwomba akupigie. Nikaingia chumbani kufunga mkoba wangu wa Homa Bay, maana kulikuwa bado na Jumapili nzima ya kusafiri. Nikiwa humo nikasikia simu ya video ikiita ule mlio wa ng'ambo. Nilitoka nikiwa na kanga mkononi. Alikuwa Willis, na hakuwa ameniuliza namba yako, wala hakumuuliza Mama.

Yaliyofuata unayajua, lakini wewe ulikuwa unaona uso wake tu. Mimi nilikuwa naona mkono wake mwingine, ulivyoshika ukingo wa meza. Ulipokea na bila salamu ukauliza, "Ng'ano motho?" Na kweli, kwetu simu ya ghafla ni ya msiba, na baina yenu ninyi wawili ungewaza nini kingine?

"Hakuna aliyekufa," Willis akasema. "Tumewekewa faiba."

Kisha ukauliza ni faiba ya nani.

"Yako. Imeanza kwako."

Mliongea dakika nne, nyingine zote habari za paa na mvua. Mlipokata, Mama alisema basi, tuendelee, akaenda kuangalia kuku wake. Willis alikaa hapo mpaka chai ikapoa, nami nikaenda chumbani nikafungua mkoba na kurudisha nguo kabatini.

Mtihani niliufanya Jumatatu, maswali yote, na mtandao haukutikisika hata mara moja. Matokeo ni Novemba. Niombee.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nitafute kalamu. Wiki ile ile, tukichambua maharagwe, nilimuuliza Mama hiyo mila ya waya aliipata kwa nani, maana kwetu Homa Bay sijaisikia. Hakuinua hata macho.

"Mila ya waya?" akasema. "Waya tumeujua lini?"

Nilicheka mpaka nikamwaga maharagwe. Baadaye nikaona si jambo la kucheka, kwa sababu Willis alikuwa amepiga simu aliyoichukia akidhani anabanwa na mila. Nikaenda kumwambia kwamba mama yake amemcheza. Alikuwa anapalilia upande wa nyumba yako. Aliniangalia kidogo, kisha akarudi kwenye jembe lake.

"Nilijua," akasema.

Ndiyo hiyo habari yangu, shemeji. Mtihani wangu haukumlazimisha, maana Achieng alikuwa ameshanitandikia kitanda. Mila haikumlazimisha, maana haipo. Alitaka kukupigia na hakuwa na njia, Mama akampa, naye akaichukua akiwa anajua.

Hajaniambia nikuandikie, na akijua atanuna wiki nzima. Lakini tangu siku ile, kila Jumamosi jioni anaweka simu kwenye chaji mezani, uso juu, na hatoki. Wiki mbili sasa. Haulizi kitu, nasi hatumuulizi. Mdogo kumtangulia mkubwa kwetu ni kosa, na alishalifanya mara moja kaburini. Kukupigia tena naona anaogopa kulirudia. Mkubwa kumpigia mdogo hakuna aliyewahi kukukataza.

Msalimie sana Mama Lorine, na Lorine umwambie binamu yake Austine anadai picha ya theluji. Achieng anakusalimu, Mzee Okari naye. Mama hajui naandika, lakini salamu zake unazijua. Mungu awatunze katika baridi hiyo na awafungulie njia ya nyumbani.

Jumamosi saa kumi na moja huku, kwenu ni saa tano asubuhi. Nimekuhesabia.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama kaka,
Orpah