Wosia Ulioutoa Bila Kufa

Mdogo wangu Lesikar,

Sikuandikii ili kukulilia. Nimekwisha kulia, tena mbele za watu, mimi mwalimu wa misheni na mkubwa wako, hata wazee wakanishika mabega. Sasa machozi yamekauka na kilichobaki ni hasira. Nimezoea kukugombeza ukiwa umekaa mbele yangu, ukichora vumbi kwa kijiti, na sijui kumgombeza mtu mwingine kwa kosa lako. Basi soma. Najua hukujua kusoma ulipokuwa hai. Nilikuambia ujifunze, na hilo nalo ulilikataa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kimaa, lugha yetu, ndicho nilichokubembelezea ulipokuwa mtoto, nikikubeba mgongoni kuvuka kijito. Nikikitumia leo nitalainika, nami sitaki kulainika.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua imenyesha vizuri huku Olmotonyi, mahindi yamefika kiunoni. Ng'ombe wako mwekundu amezaa. Mkeo, mama Nasieku, hasemi sana, lakini anakula. Nyati aliyekuua hajapatikana. Watu wa yule Mdachi mwenye ng'ombe kule Momela walimfuata hadi maziwani wakampoteza. Nakueleza haya kwa kuwa najua ungeuliza. Ulikuwa ukichunga ng'ombe wa Mdachi huyo kama kila kiangazi, ukaenda kumtafuta mtamba aliyepotea, ukamkuta nyati katika majani marefu. Wenzako walipofika ulikuwa umekwisha kufa. Hukuacha neno hata moja. Hapo ndipo tabu yetu ilipoanzia, maana kwa kuwa hukusema lolote, wazee wameshikilia yale uliyoyasema zamani.

Unayakumbuka. Usijifanye huyakumbuki.

Ulikuwa umerudi kutoka Momela na mfuko wa kahawa. Huko jikoni kwa Mdachi walikufundisha kuinywa nyeusi, bila maziwa, ukajiona mtu wa maana. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kibuyu kizima. Ugoro haukuondoka puani. Nguruwe pori walikuwa wakivamia mahindi, nawe ukawa unakesha shambani, unarudi alfajiri macho mekundu, na badala ya kulala unachemsha kahawa nyingine. Tena boma la serikali lilikuwa likitafuta watu wa kazi ya barabara, ukawa huna raha, ukishtuka kila mbwa akibweka. Siku ile wewe na wenzako mlikuwa mmetoka kwa jirani kunywa pombe ya asali. Ukakaa juu ya kigoda, ukashika kifua, ukasema, "Kaka, moyo umesimama."

Nikakuuliza, "Umesimamaje, nawe unasema?"

"Ulisimama. Kisha ukanipiga teke."

Nilikuambia twende misheni kwa daktari. Ulikataa, ukaita wazee. Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akaweka kiganja kifuani pako na kufumba macho. Mmoja akapiga kelele, "Umeruka! Huyu anatuacha!" Kila alipopiga kelele, ukaruka tena. Ungetaka mtu apone, ungemletea wazee wa namna ile? Wanawake wakaanza kulia nje. Dume likachinjwa. Nawe, uliyekuwa umekaa wima na sauti yako kamili, ukaanza kugawa ulimwengu.

Ng'ombe uliwagawa vizuri, siwezi kukulaumu. Lakini ulipofika kwa binti yako, ulitaka awe na mume kabla hujafumba macho. Ukainua kichwa, ukamtaja mzee wa kwanza uliyemwona mbele yako. Loishiye! Mtu aliyekuwa akitafuna nyama ya dume lako kwa meno yaliyobaki pembeni, mtu aliyechunga ng'ombe pamoja na baba yetu. Nasieku alikuwa bado msichana mdogo. Ukasema achukuliwe akikomaa. Kisha ukaongeza la mwisho, kwa sauti ile ya kuwaogofya watu: "Atakayelipindua neno langu, ng'ombe wake wasizae, na moto uzimike nyumbani kwake."

Baada ya hapo ukalala. Ulilala kama jiwe, kwa mara ya kwanza tangu nguruwe waanze kutusumbua. Wale wazee waliokuja kukuaga wakaimaliza kahawa yako yote. Asubuhi ukaamka ukaomba nyama.

Ukaomba nyama, Lesikar!

Nilikushika mkono nikakupeleka misheni kwa nguvu. Daktari akaweka bomba lake la mti kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Akakuamuru uruke-ruke kama mwanambuzi, akasikiliza tena. Akatazama miguu yako kama imevimba. Akauliza kama umewahi kuzimia, kama kifua kinauma unapopanda mlima. Ukasema hapana, hapana, hapana. Ndipo akauliza unakula nini, unakunywa nini, unalala lini, nami nikayafasiri yote, pamoja na yale uliyotaka niyaache.

Akacheka, lakini si kwa dharau. Alisema moyo wako ni mzima. Wakati mwingine moyo huwahi kupiga kabla ya zamu yake, kisha hupumzika kidogo, na pigo linalofuata huwa na nguvu. Hilo ndilo teke lako. Watu wengi wanalo, na wengi wao hawajui. Huamshwa na kahawa kali, na tumbaku, na pombe, na kukesha, na mashaka. Tena hofu yenyewe hulizidisha: mtu akisikia moyo umeruka huogopa, akiogopa huruka tena. Akakuambia upunguze kahawa, uache ugoro, ulale. Ukizimia siku moja, au ukiumwa kifua, urudi upesi. Basi. Hakukupa hata dawa.

Tulipokuwa njiani ulitembea mbele yangu ukiimba. Nikafurahi. Nilidhani tukifika nyumbani utawaita wazee wale wale na kuwaambia, "Nilikosea, sikuwa nakufa, neno langu nalirudisha." Ulipoona moshi wa nyumba zetu ukanyamaza. Ukageuka ukaniambia, "Kaka, usiseme. Rika langu lote lilinililia. Nikisema ni kahawa, nitaonekana mwoga hadi mwisho wa maisha yangu."

Nikakujibu kwamba aibu ni yako lakini binti atakayelipa ni Nasieku. Ukasema, "Nipe hadi mavuno." Nikakupa. Mavuno yakaja. Ukasema, "Nipe hadi vijana watahiriwe, watu wawe na furaha." Wakatahiriwa. Sikuacha kukukumbusha, nawe hukukosa sababu.

Na je, ulifanikiwa kuikwepa aibu hiyo? Watoto walikuita Marehemu. Jirani alisimama kwenye migomba akapaza sauti, "Marehemu! Mbuzi wako wamo shambani kwangu!" Ukipita njiani waliulizana harufu ya ubani inatoka wapi. Siku ya soko mwanamke mmoja alikukatalia ndizi, akasema hauzi vitu kwa mizimu. Nawe ulicheka pamoja nao, ukawajibu kwamba kaburini chakula ni kibaya ndiyo maana umerudi. Ulikuwa hodari wa kuwachekesha watu. Ulivumilia yote hayo kila siku, mwaka baada ya mwaka, ila ukashindwa kuvumilia jioni moja ya kusema kweli. Hilo ndilo linalonichoma. Si kwamba uliogopa kufa. Kila mtu huogopa. Ni kwamba ulipojua hufi, ulimwacha mtoto wako katika shimo ulilomchimbia kwa hofu yako, ukaenda kuchunga.

Loishiye ameleta asali ya posa. Aliileta juzi, akaiweka mlangoni kwa mama Nasieku, akasema neno la marehemu halisubiri. Mama Nasieku hakuweza kuikataa. Anaogopa ile laana yako, anawatazama watoto wake wadogo na ng'ombe waliobaki. Simlaumu.

Nasieku alinijia jana mchana, nikiwa nafuta ubao. Unamjua, hazunguki maneno. Alisimama mlangoni akasema, "Baba mkubwa, baba alikufa mara ngapi?"

Nikaweka chini kitambaa cha ubao. Akaendelea, "Kama alikufa siku aliponitoa, nani alinichongea kigoda mwaka jana? Nani alikuwa akinywa maziwa ninayokamua? Na kama hakufa siku ile, kwa nini maneno yale ni ya mtu anayekufa?"

Nimefundisha watu wazima kusoma, nimebishana na wachungaji, sijapata kuulizwa swali lililonyooka namna hiyo. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Ana mikono yako, ile mipana.

Siku ya kukuzika moyo wangu nami uliruka. Ulisimama, kisha teke, kama ulivyosema. Nilikuwa sijalala, nilikuwa nimekunywa kahawa tu tangu asubuhi, na wewe ulikuwa chini ya udongo. Kwa kitambo niliogopa sana. Nikaelewa jinsi ulivyoogopa, ndugu yangu. Kweli nikaelewa. Kisha nikakaa chini, nikavuta pumzi, nikamwambia mke wangu aniletee maji, na sikumwita mtu yeyote wala sikumgawa binti wa mtu.

Kesho wazee wanakutana. Nitasimama mbele yao na kusema yote: mfuko wa kahawa, ugoro, nguruwe, pombe ya asali, bomba la daktari, na jinsi ulivyoimba njiani. Nitawaambia kwamba Lesikar alitoa wosia akiwa mzima, akajua kwamba ni mzima, na akanyamaza. Watakucheka. Utachekwa ukiwa kaburini, ambako huwezi kuwajibu, nami nitakaa pale niyasikie. Asali ya Loishiye nitaibeba mwenyewe hadi kwake. Akiuliza habari ya laana, nitamwambia ng'ombe wangu ndio hawa. Kama neno lako lina nguvu, wasizae wao, uzimike moto wa kwangu, lakini nyumba ya mama Nasieku isiguswe. Nasieku amehamia kwangu tangu jana, na hatatoka hapo ila kwa hiari yake.

Nilikupenda, hata ulipokuwa mwoga. Pumzika.

Kwaheri, Lesikar. Kesho nalivunja neno lako. Siombi ruhusa, mimi ndiye niliyezaliwa kwanza.

Kaka yako