Nilisema Simjui

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi na matope yamejaa hadi mlangoni. Sina hamu ya kula, na mimi si mtu wa kukataa chakula.

Leo nimefanya jambo la aibu. Naliandika mapema kabla sijajitafutia visingizio, maana kwenye visingizio mimi ni fundi.

Mnaosoma hapa mnaijua kazi yangu: mkata tiketi kwenye stesheni ndogo yenye benchi mbili na dirisha moja, ambapo treni husimama dakika chache tu kabla ya kuendelea Kigoma. Asubuhi alikuja dirishani Godeliva. Huyu ni mkimbizi wa Kirundi, anaishi kambini, ila msimu uliopita alitoka akaja kutulimia mihogo, akakaa kwetu mpaka mavuno. Mama yangu alimpenda mno. Walikuwa wakila sahani moja na kucheka mambo yao, mpaka mimi najiona mgeni kwetu.

Aliniambia mama yake mzazi amevuka ziwa kwa boti kutoka Burundi, yuko kwa watu katika kijiji cha Mwamgongo, anaumwa sana na anamwita. Kambini aliomba kibali cha kutoka, akaambiwa asubiri. Ugonjwa hausubiri, akaja hivyo hivyo. Nikamkatia tiketi. Akaenda kuketi kwenye benchi, amejitanda kitenge cha kijani alichopewa na mama yangu.

Treni ilikuwa bado. Likaja gari la uhamiaji.

Ofisa mwenyewe alikuwa kijana mpole, sitamsingizia. Wazee aliwapa shikamoo zao kabla ya kuwaomba vitambulisho. Godeliva hakuwa nacho. Akasema yeye ni Muha, mwenyeji wa huku, wa kijiji cha Kidahwe. Alipoulizwa mwenyekiti wa kijiji chake ni nani, akajitanda upya kile kitenge.

Ofisa akageukia dirisha langu. "Karani, wewe ni mtu wa hapa. Huyu mama unamjua?"

Godeliva hakuniangalia. Aliinamisha uso makusudi, nisije nikapata taabu kwa ajili yake.

"Simjui, afande."

Tiketi aliyoishika nilikuwa nimeikata kwa mkono huu huu.

Nieleze kilichonitisha. Ningesema namjua, swali la pili lingekuwa unamjua wapi, na kumpa mkimbizi kibarua nje ya kambi bila ruhusa ni kosa. Hiyo ni kweli, ila si kweli yote. Swali la tatu lingekuwa: na wewe, kwenu wapi? Mama yangu naye alivuka kutoka Burundi, akiwa msichana, katika lile wimbi la kwanza la wakimbizi. Hati yake ya uraia anayo, halali kabisa, imo sandukuni. Lakini kazini sijawahi kumwambia mtu. Nikiulizwa kabila najibu Muha, tena haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Wakampandisha garini arudishwe kambini. Alipopita dirishani alisema kwa sauti ya chini, "Amahoro," yaani amani kwa Kirundi, vile vile kama alivyokuwa akiniaga akitoka shamba. Angenitukana ningepumua.

Treni ilikuja nusu saa baadaye.

Nyumbani nilimsimulia mama. Nilidhani atanielewa, kwa kuwa ni yeye aliyenifundisha kuogopa. Alikuwa anachambua maharage, akausukuma ungo pembeni.

Halafu akaniambia kitu ambacho kwa miaka yangu thelathini na moja hajawahi kukitamka. Alipofika huku mara ya kwanza alikuwa peke yake, miguu imevimba, akaketi stesheni hii hii. Ndugu pekee aliyemsalia alikuwa shangazi yake aliyeishi Katubuka, mjini Kigoma, na ndivyo alivyomwambia karani alipokata tiketi. Askari wakaja, wanawakusanya Warundi kuwapeleka kwenye makazi ya mbali. Walipomfikia yeye, wakamuuliza karani wa tiketi kama anamjua.

Yule karani akajibu, "Huyu? Mtoto wa dada yangu. Anakwenda Katubuka kwa shangazi yake."

"Kabla ya siku ile hakuwahi kuniona," mama akasema. "Wewe mwanangu, umekula naye."

Nililia. Sioni haja ya kulificha hilo.

Nilipomuuliza sasa nifanye nini, alisema Godeliva anangojewa na mgonjwa. "Nenda wewe. Yule mama amwone angalau mtu aliyemwona mwanawe."

Jumatatu nitakwenda kambini kuandikisha jina langu, kwamba Godeliva namjua na kibali anakihitaji kweli. Wakiniuliza kwetu wapi nitawajibu. Lakini mgonjwa hawezi kungoja Jumatatu, na kesho sina zamu. Nitashuka Kigoma, nipande boti ya Mwamgongo. Kuipata nyumba si kazi, kule watu wanajuana. Kazi ni pale mlangoni, mama wa watu atakaposikia hodi na kuinua kichwa akidhani ni binti yake, aone ni mimi.