Maboksi ya Katriji Chini ya Kitanda Changu

Mjukuu wangu, mume wangu usiye na haya,

Masikio yako yanasikia printa ikikwama mtaa wa pili, lakini bibi yako akikupigia simu asubuhi na jioni yanaziba! Basi nakuandikia, na barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi, usije ukasema haikufika.

Haya, hujambo? Mgongo wako umepona? Unakula chakula cha kueleweka, au bado unashindia chai kavu na kujiita fundi? Sisi huku wazima, ila si wazima sana, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka ulivyokalia kiti changu ukanihubiria? Ulisema katriji za printa zikiisha wino hazitupwi wala hazichomwi, maana plastiki yake itakuwepo hata mimi nikishaoza. Hukusanywa zikajazwe upya. Ukasema kampuni yenu itapitisha gari. Mimi shule sikuikalia sana, lakini neno jema nikilisikia nalishika. Nikazunguka mtaa mzima. Karani wa shule akaleta, mpiga chapa wa pale kona akaleta, mwenye duka la dawa akaleta. Boksi la kwanza ulilibeba mwenyewe. Mengine nimeyapanga chini ya kitanda, mvua isiyafikie. Wakaniita Bibi Katriji, nami nikaitika kwa maringo.

Gari liko wapi?

Juzi mtoto wa dada yako, huyu anayetambaa, aliingia uvunguni akatoka mweusi tii, meno mawili tu ndiyo yanang'aa. Nikacheka, Mungu anisamehe. Kumbe katriji moja ilipasuka ikamwaga unga mweusi uliobaki ndani, maana wino wake ni wa unga. Nikachemsha maji nimwogeshe kama nilivyowaogesha nyote, na hapo ndipo nilipoharibu: unga ukalainika, ukamganda kwenye mikunjo ya shingo kama lami. Karani wa shule aliposikia alishika kichwa, akasema unga huo huoshwa kwa maji baridi. Nitajuaje, na wewe fundi hukuniambia?

Kulipokucha mtoto anakohoa. Nesi wa zahanati akaniuliza unga huo una nini ndani. Nikajibu wino. Akauliza wino wa aina gani. Mimi, nisiyekosa la kusema hata msibani, nikamwambia anayejua ni mjukuu wangu fundi. Amesema mtoto apelekwe kila siku asikilizwe kifua. Akipumua anakoroma, na akinyamaza ndiyo naogopa zaidi.

Sasa dada yako hataki kuyaona maboksi. Amesema Jumamosi atayamwagia mafuta ya taa huko nyuma ya nyumba, yaishe. Nikamwambia moshi huo utaingia kifua kile kile cha mwanawe. Akaniuliza kama napenda takataka kuliko kitukuu changu. Neno hilo lilinichoma, babu wee. Tangu hapo sitoki. Hata nikiwa msalani natega sikio, nisije nikasikia kiberiti.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Msukuma mkokoteni wa taka alinivuta pembeni akanionyesha kipande cha kitambaa changu cha kichwa, kile nilichofungia boksi la kwanza. Alisema amekikuta jalalani, na katriji zimetapakaa hadi mferejini. Sijamwambia mtu. Karani akiuliza, namjibu gari liko njiani. Dada yako naye nimemwambia hivyo hivyo. Umenifanya mwongo uzeeni. Kama ni wewe uliyelitupa, niambie mimi kabla mtaa haujaniambia. Kama ni kampuni yako, basi usinihubirie tena maneno ambayo hujayafuata hadi mwisho wake ukayaona.

Mama yako mdogo anakusalimu sana. Mshona viatu wa jirani anauliza kama umeoa au bado unanisubiri mimi. Nimemwambia kwa tabia hizi nimeshakuacha. Nisalimie wenzako wa kazini, wale wenye adabu.

Kabla ya Jumamosi uwe hapa na gari, hata la kuazima. Tutayapeleka maboksi mahali yanapojazwa kweli, na mimi nitakaa mbele nishuhudie kwa macho yangu. Ila usije kwangu kwanza. Ukishuka tu, nenda zahanati ukamweleze nesi kilichomo ndani ya unga ule.

Ni mimi bibi yako,
niliyeyakalia maboksi.