Nimemwogesha Mbwa Katika Beseni la Harusi

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba ucheke kwanza umalize, maana mume wangu alicheka mchana kutwa ndipo akaanza kunihurumia, na mimi sina mchana kutwa wa kusubiri, harusi ni mwezi wa kumi na mbili.

Mimi ni mke wa mwalimu hapa Newala, nina mtoto mmoja, Regina, kanisani nakaa kiti cha pili kutoka mbele, na sikujijua kuwa mwongo mpaka mwezi huu. Wifi yangu Flora alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi kwa wageni fulani, wale wageni wakarudi kwao wakamwachia mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya mpaka machoni, ukimtazama hujui mbele ni wapi mpaka abweke, anaitwa Tofi. Mwezi wa nne Flora akapata nafasi ya kusomea uuguzi Masasi, bwenini mbwa haruhusiwi, basi akamleta kwetu akaniambia, "Wifi, nitunzie huyu, sina kingine." Sasa mimi mbwa niliokuwa nawajua ni wale wa shambani wanaofukuza nguruwe pori kwenye mihogo, wale hakuna aliyewahi kuwaogesha, mvua ikinyesha wameoga. Lakini huyu mweupe na huu udongo wetu mwekundu, kufika mwezi wa kumi alikuwa na rangi ya tofali, viroboto wamemjaa, na harufu usiseme, halafu ikaja barua kwamba Flora anakuja Jumamosi kumwona mbwa wake.

Ya maji ya Newala sijui kama unayajua. Bomba lilikohoa mwezi wa nane likanyamaza, tunashuka bondeni alfajiri na tunapanda ule mlima na ndoo kichwani jua likiwa limeshakomaa, kwa hiyo mwezi wa kumi maji hayaombwi ovyo ovyo. Jirani yangu Mama Shamte ana nyumba ya mabati na tangi la saruji la maji ya mvua, na huyu Mama Shamte si jirani tu, ngoja nikuambie. Nilipojifungua Regina ilikuwa ile miaka ya sabuni kupangiwa foleni duka la ushirika, yeye alikuwa na mche mmoja ndani, akauweka juu ya kinu, akaukata katikati kwa uzi, akanipa nusu ya kufulia nepi. Siku hizi za ruksa ya biashara sabuni zimejaa sokoni mpaka mtu unachagua harufu, lakini ile nusu mche sijaisahau na sitaisahau. Ni Mwislamu wa swala tano, na mbwa kwake ni najisi, Tofi akipita anakusanya kanga yake mpaka magotini, ila hajawahi kunitupia neno baya kwa ajili yake.

Basi siku ya Ijumaa nikaenda kuomba ndoo ya maji, na pia beseni, maana changu ni kibeseni cha kuoshea vikombe, na yeye analo beseni kubwa la bati lenye maua mekundu ambalo hukaa juu ya kabati na kushuka siku ya shughuli tu. Nikasema nafua mashuka. Ningesema mbwa asingenipa, na angekuwa na haki. Akalishusha mwenyewe, akalifuta vumbi na kusema, "Chukua mdogo wangu, mashuka hayafuliki kwenye kikombe."

Mama Mshauri, mimi nilidhani mbwa anaogeshwa kama mtoto mchanga. Nikamweka ndani ya beseni, nikamwimbia, nikammwagia maji kichwani, halafu nikammiminia nusu chupa ya shampuu niliyonunua sokoni, ile yenye picha ya mwanamke mwenye nywele za mgongoni, kumbe chini ya manyoya mbwa mwenyewe ni mdogo kama panya buku, nikamhurumia mpaka nikataka kulia. Maji yakamwingia masikioni. Akaruka. Nilikuwa nimeanika unga wa muhogo kwenye mkeka pale pale uani, sikuwa na akili ya kuuondoa, akapita katikati akajigaragaza kulia na kushoto, na alipoinuka hakuwa mbwa tena, alikuwa andazi lisilokaangwa, linabweka. Nikamkimbiza nyumba nzima, nikampata chini ya kitanda, na ndoo ilikuwa imeshakwisha.

Nikarudi kwa Mama Shamte kuomba ndoo ya pili. Akaniuliza, "Mashuka gani hayo yanayokunywa maji hivyo?" Hapo ndipo ulimi wangu ukateleza bila ruhusa, nikasema mume wangu Dastani ana homa, ametapikia mashuka. Akaacha alichokuwa anafanya. "Mwalimu anaumwa na wewe huniambii?" Akanipa ndoo imejaa mpaka ukingoni, maji ya mwezi wa kumi!

Tofi akatakata, hilo namshukuru Mungu. Nikasuuza beseni kwa kopo moja, nikalirudisha likinukia shampuu, na yeye akaniambia kutoka mlangoni, "Liache hapo nje, chini ya mpapai." Mpaka leo, siku ya sita, liko pale pale limefudikizwa juu ya udongo, nadhani amelisahau kwa mambo ya harusi. Flora alikuja Jumamosi, alipomwona mbwa wake mweupe alilia kwa furaha akanikumbatia, na mimi nikalia vilevile, kwa sababu yangu.

Kwa sababu jioni ile ile ya Ijumaa Mama Shamte alikuja na kikombe cha mwarobaini. Dastani alikuwa barazani anasahihisha madaftari, mzima kabisa, ana kalamu nyekundu sikioni.

"Shikamoo Mama Shamte."

"Marahaba mwalimu. Pole na homa. Kunywa yote, nataka kuona tako la kikombe."

Mume wangu akanitazama, mimi nikatazama madaftari, basi akanywa. Kesho yake ukaja mwingine, na keshokutwa, na kila siku unazidi kuwa mweusi, na kila siku ananiuliza mimi, "Mashuka yamekauka?" nami najibu yamekauka. Jana Dastani ameniambia, "Mama Regina, nakupenda sana, lakini hata ini langu nalipenda. Nenda kaseme."

Nami ningesema, ila jana hiyo hiyo Mama Shamte alikuja akakaa muda mrefu jikoni kwangu, akasema binti yake anaolewa mwezi wa kumi na mbili korosho zikishauzwa, na wali wa harusi anataka niusimamie mimi, hamwamini mtu mwingine. Kisha akaniuliza, "Huna neno?" Nikasema sina. Mchele wa harusi utaoshwa katika beseni lile, Mama Mshauri, na mikono yangu, na watakaoula ni watu wanaotoka kuswali. Nikinyamaza nimewalisha watu kitu ninachokijua. Nikisema nimempoteza mtu aliyenikatia sabuni yake. Nimefikiri ninunue beseni lingine lenye maua kama yale nilibadilishe kimyakimya, au niseme mbwa aliingia mwenyewe. Lipi ni bora? Jina langu tafadhali usilitoe.

Mke wa Mwalimu, Newala

*

Mke wa Mwalimu,

Nimecheka kama ulivyoniomba, nimemaliza, sasa kaa chini.

Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, lakini mbwa mweupe aliyeoga Newala yupo mmoja tu, na gazeti hili hupanda huko na basi. Ndiyo maana jibu nimekutumia kwanza kwa posta, na gazetini nimelichelewesha wiki mbili. Ukilisoma hapa na bado hujasema, basi unalisoma pamoja na Mama Shamte, na usinilaumu.

Barua yako imenifikia baada ya siku tisa. Umeandika kurasa nne, umeenda posta, umelamba stempu, umeituma mpaka Dar es Salaam, ilhali mtu wa kuambiwa yuko ng'ambo ya uzio. Hilo limenikasirisha kuliko mbwa.

Maji ya Newala nayajua. Nimelelewa na bibi yangu Chiwata, nimepanda mlima na ndoo kichwani nikiwa na miaka minane, na shingo yangu ni fupi mpaka leo. Kwa hiyo elewa kwamba najua ulichopewa: ndoo mbili, mwezi wa kumi. Mtu aliyekupa vile hakustahili kudanganywa mara mbili siku moja. Ungemwambia ni mbwa, angekunyima beseni, na maji pengine angekupa, na ungemwogesha mnyama wako ndani ya shimo lililotandikwa mfuko wa plastiki kama watu wengine wenye akili.

Sasa la kubadilisha beseni kimyakimya: hapana. Mwanamke analijua beseni lake, kila pigo na kila mchubuko. La kusema mbwa aliingia mwenyewe: hapana mara mbili. Mbwa aliingia mwenyewe akajipaka na shampuu?

Halafu nikuulize. Uliomba maji ya kufulia mashuka. Hayo mashuka uliyaanika wapi? Katika barua nzima sikuona shuka hata moja kwenye kamba. Mama Shamte, ambaye hukaa upande wa pili wa uzio, ameona kamba tupu, amesikia mbwa akilia na wewe ukiimba, amekuona ukikimbiza andazi, amenusa shampuu kwenye bati lake, na ukadhani hajui? Mbona anauliza kila siku kama mashuka yamekauka? Na ni mgonjwa gani wa homa anayekutwa barazani na kalamu nyekundu sikioni akapewa mwarobaini siku sita mfululizo, kila siku mweusi zaidi? Ile dawa ni yako, mama. Inapitia kwa mumeo kwa sababu yeye ndiye mwenye dhamiri nyepesi kuuma. Mwalimu Dastani, kama unasoma hapa, pole sana, wewe ni mume wa kujivunia.

Na beseni. Beseni linaloshuka kutoka kabatini siku ya shughuli tu, limelala nje siku sita chini ya mpapai, eti amelisahau, katika msimu wa harusi ya bintiye! Hakulisahau. Hawezi kuliingiza ndani, na hataki kukuaibisha kwa kuliosha mbele yako. Amelifudikiza anakusubiri.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoacha kucheka. Mwanamke huyu alijua yote, akaja jikoni kwako, akakukabidhi wali wa harusi ya mtoto wake. Angeweza kumpa mtu mwingine na usingejua kwa nini. Akakaa muda mrefu. Akakuuliza, "Huna neno?" Alikufungulia mlango wazi kabisa, nawe ukasema sina. Unaogopa kumpoteza, na yeye amekuja mpaka kwenye kigoda chako kukuonyesha kwamba hapotei. Alikukatia sabuni kwa uzi, na safari hii anakukatia nafasi. Ipokee.

Utafanya hivi. Leo, si kesho. Usimtume mumeo wala mtoto. Pita mlangoni kwake, piga hodi, na kabla hujakaribishwa kiti sema, "Mama Shamte, nimemwogesha mbwa katika beseni lako, na mume wangu hajaumwa hata siku moja." Useme hivyo hivyo, bila "samahani lakini". Ukiweka "lakini" umeharibu. Kisha nyamaza, akuseme anavyotaka. Atakusema sana, na ana haki, usimjibu kitu.

Akimaliza, mwambie beseni utaliosha wewe, naye akuelekeze kwa namna ya dini yake. Mimi si mwalimu wa dini, ila jirani zangu hapa huosha mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Maji ya kazi hiyo hayatoki kwenye tangi lake. Utashuka bondeni mwenyewe, na zile ndoo mbili ulizochukua kwa uongo utazirudisha vilevile kwa kichwa chako. Ni safari tatu, nimekupigia hesabu. Kama baada ya hapo bado moyo wake umekataa kuoshea mchele humo, nunua lingine mkiwa pamoja sokoni, achague maua yeye.

Kuhusu Tofi, kwa kuwa sasa ni mwanafamilia: anza mgongoni, kichwa kiwe cha mwisho na kwa kitambaa kibichi, si kwa kumwagia. Masikio yazibe kwa pamba. Sabuni kidogo, huyo si bibi harusi. Mfunge kamba kabla hajalowa, si baada. Mkaushe kwa kanga kuukuu, na maji machafu mwagia mpapai wako. Mara moja kwa mwezi yatosha, na mvua zikianza mwache mvua imwogeshe kama wenzake wa shambani. Na unga, mama, unga uingize ndani kwanza!

Nenda sasa. Beba maji tu, udongo usihangaike nao. Beseni limelala juu yake siku zote hizo.