Mtoto Aliyekiri Kila Kosa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na zile ngazi za nyumbani kwako hazikuonei tena. Uliniandikia kwamba unazipanda kwa kuhesabu moja moja kama mtoto wa chekechea. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana ni miezi mitatu sasa sijakujibu. Sisi huku tunapumua. Siwezi kusema tu wazima, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipotutoka, na uongo wangu unaujua hata ukiwa ndani ya bahasha.

Wifi yako anakusalimu. Yuko chumba cha mbele na cherehani yake, anashona sare za shule. Tangu juzi hanisemeshi zaidi ya lazima. Akiniletea chai, anaiweka mezani na kugeuka kabla sijashukuru. Hana kosa, na nikishakueleza najua utakuwa upande wake.

Dada, maji yamenifika shingoni. Ni binti yetu, huyu ambaye wewe shangazi yake ulimbandika jina la Kasuku kwa kuwa mdomo wake ulikuwa haupoi. Ametimiza miaka kumi.

Unajua kwamba pale shuleni mimi ndiye mwalimu wa nidhamu. Wazazi wakiitwa mkutanoni, ninayesimama kuwaeleza namna ya kulea ni mimi. Nawaambia samaki mkunje angali mbichi, nao wanaandika kwenye vidaftari. Wifi yako aliwahi kuniambia kwa utani kwamba samaki ukimkunja sana anavunjika, mbichi au mkavu. Nilimjibu ashone, malezi aniachie mimi.

Nyumbani nilibandika karatasi kubwa ukutani, karibu na mlango wa chumba cha mtoto. Nilichora mistari ya kuamka mapema, kutandika kitanda, kupiga mswaki, kumaliza kazi za shule, kuwasalimu wakubwa na kusema kweli. Kila jioni nilimsimamisha pale, nikaweka alama ya vema au ya kosa kwa kalamu nyekundu. Mwanzoni alilifurahia jambo hilo. Alikuwa akinivuta shati niende nikaone alivyotandika. Sikatai, Dada, yapo mazuri aliyoyapata: alijifunza kupanga madaftari yake, akaacha kuchelewa. Laiti ningeishia hapo.

Mwanzoni mwa muhula huu, msichana anayekaa naye dawati moja alipoteza miwani. Ni mtoto ambaye bila miwani ubao kwake ni ukuta. Ilipotea wakati wa mapumziko, na siku moja kabla yake wawili hao walikuwa wamegombana kwa sababu ya kifutio. Basi vidole vyote vikamwelekea Kasuku. Mwalimu wao wa darasa, mama mmoja mpole asiyependa makuu, alitaka tutafute kwanza taratibu. Mimi nikakataa. Niliogopa watu watasema mwalimu wa nidhamu anawachapa maneno watoto wa wenzake na wa kwake anamfunika shuka.

Nilimhoji siku tatu. Siku ya kwanza alisema hajaichukua, nikamnyima kwenda kuruka kamba na wenzake. Siku ya pili alisema hajaichukua, nikamwambia likizo haji kwako. Hapo ndipo alipolia. Siku ya tatu nilimweka mbele ya ile karatasi, nikamwambia kwa upole kabisa kwamba mtoto anayesema kweli hana cha kuogopa. Alinitazama, akasema, "Ni mimi, Baba." Nikamwuliza miwani iko wapi. Akasema ameitupa chooni.

Na unajua nilifanya nini? Nilimsifu. Nilimwekea alama ya vema kwenye mstari wa kusema kweli.

Jumatatu nikamsimamisha mstarini mbele ya shule nzima, aombe radhi. Aliomba kwa sauti ambayo hata walio nyuma waliisikia. Wazazi wa yule mwenzake walimtengenezea mtoto wao miwani nyingine, wakanishukuru kwa kutopendelea. Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Tangu hapo mtoto ametulia kama maji ya mtungini. Anaamka kabla ya kuitwa. Kitanda chake hakina mkunjo. Ukimwuliza, anajibu ndiyo Baba, ndiyo Mama. Wageni wanatuambia tumejaliwa. Lakini amerudia kukojoa kitandani, kitu alichokiacha akiwa na miaka minne, na shuka anaifua mwenyewe alfajiri kabla hatujaamka. Kucha zake amezitafuna hadi nyama. Na ile kelele yake, Dada, ya kusimulia mambo matano kwa pumzi moja, imekatika. Wifi yako alinisihi nimwulize mtoto upya. Nilimwambia hizo ndizo dalili za kukua.

Juzi mwalimu wa darasa alikuja ofisini, akafunga mlango, akakataa kiti. Alinieleza kwamba kila kosa linalotokea darasani sasa lina mwenyewe. Daftari likichanika, binti yangu ananyoosha mkono. Chaki zikipotea, ananyoosha mkono. Mwalimu alidhani ni utundu wa aina mpya, mpaka kioo cha dirisha kilipovunjwa na Kasuku akasimama akasema ni yeye. Kioo kile kilivunjika siku ambayo alikuwa nyumbani na homa. Mwalimu akaniambia, "Mwenzangu, huyu mtoto hajui tena lipi alilifanya na lipi hakulifanya. Tumemfanya nini?"

Alisema tumemfanya, kwa wingi, kwa adabu yake tu. Mimi nilijua ni nani.

Sasa nifike penyewe. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Dada, miwani ile niliiona. Niliiona siku nne tu baada ya kumsimamisha mtoto mstarini. Ofisini nina droo ninamotupia vitu ninavyowanyang'anya wanafunzi: mipira, gololi, manati. Siku miwani ilipopotea, wakati wa mapumziko, nilikuwa nimewanyang'anya watoto kopo la biskuti walilokuwa wakiligonga kama ngoma, nikalitupa humo bila kulifungua. Ijumaa nilipokuwa nikisafisha droo nikalifungua. Miwani ilikuwa ndani, imefungwa kwenye leso. Mwenyewe aliihifadhi humo akaenda kucheza, akasahau, na mimi kwa mkono wangu ndiye niliyeipoteza.

Ningetoka palepale. Ofisi ya mwalimu mkuu iko hatua kumi kutoka kwangu. Badala yake niliitia mfukoni. Nilijiambia kwamba msichana ameshapata nyingine, na kwamba mtoto wangu hata hivyo amejifunza kitu. Nilijiambia shule haiwezi kuongozwa na mwalimu wa nidhamu aliyeaibika. Nikamwacha binti yangu abebe wizi ambao haukuwapo, wiki saba, huku kila jioni nikimwekea vema.

Juzi Alhamisi, mwalimu wa darasa alipotoka, nilirudi nyumbani mchana. Nilimwambia kwanza mama yake. Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akasema, "Usiniambie mimi. Nenda kamwambie mwenyewe." Nikaingia chumbani, nikapiga magoti ili tulingane kimo, nikamwonyesha miwani, nikamweleza yote. Nilitegemea atalia au atanipiga. Ningependa anipige.

Akasema, "Najua, Baba. Siku ile nilikuwa nimekuja kufagia ofisi. Nilikuwa mlangoni na ufagio. Nilikuona ukiitoa kwenye kopo."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Wiki saba, Dada. Mtoto wa miaka kumi alikuwa akiamka, akitandika, akisema ndiyo Baba, na kungoja.

Jana Ijumaa nilisimama mstarini, mahali palepale nilipomsimamisha yeye, nikaiambia shule nzima kweli yote na kumwomba radhi mwanangu kwa sauti. Watoto wengine walicheka, wengine walishangaa. Yule mwenzake mwenye miwani alitoka kwenye mstari wake akaenda kumshika mkono. Mwalimu mkuu amenivua kazi ya nidhamu, na ni haki. Ile karatasi nimeibandua ukutani. Nilidhani kwa hayo mzigo umetuliwa.

Leo asubuhi tulikuwa mezani sote watatu. Nilinyoosha mkono kuchukua sukari, kiwiko changu kikagonga glasi, ikaanguka ikavunjika. Kila mtu aliona. Kabla vipande havijatulia sakafuni, Kasuku alikuwa ameshasimama, mikono nyuma.

"Ni mimi, Baba. Nisamehe."

Nilimwambia, "Hapana mwanangu, ni mimi, umeniona mwenyewe." Akasema, "Ndiyo, Baba." Akainama kuokota vipande. Mama yake alimkumbatia akamzuia. Mimi nilibaki nimekaa, nimeshikilia kijiko cha sukari, sijui nikiweke wapi.

Ndiyo maana nakuandikia: ninyi wawili mna jambo lenu ambalo mimi sikuwahi kulielewa. Likizo ya mwaka jana ulinilalamikia kwamba alikubishia kuhusu kila kitu: chumvi, njia ya kwenda sokoni, hata umri wako mwenyewe. Nilikujibu kwa hasira kwamba unamharibu. Sasa niko tayari kutoa chochote nisikie akibishana na mtu. Kwangu hawezi tena. Nikimwambia akatae, anakataa kwa kuwa nimemwamuru, na hiyo ni ndiyo nyingine.

Goti lako nalijua. Kama haliwezi safari, niambie, nitakuja kukuchukua na nikubebe kwenye ngazi zako zote. Njoo ukae naye. Mlaumu kwa kitu ambacho hakukifanya, kidogo tu, kwa mzaha, halafu usiondoke mpaka akuambie kwamba unakosea.

Wasalimie wanao na wajukuu, na mwombe shemeji aniwie radhi kwa kukuondoa nyumbani. Wifi yako anasema nikuandikie kwamba kitanda chako kimeshatandikwa. Kasuku nimemwuliza kama ana salamu za kumpa shangazi. Amesema yoyote nitakayopenda mimi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuhitaji.