Nahodha Kobe Haombi Radhi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba mgongo wako umepoa. Huku tu wazima. Mtoto amepoteza jino la mbele, na anajivunia pengo kuliko alivyowahi kujivunia jino.

Kaka, umeniandikia nikubali tu anayotaka mhariri, kitabu cha marehemu mume wangu kichapwe, yaishe. Nimeisoma barua yako mara tatu. Jibu langu ni hapana, na naomba usikasirike kabla hujafika mwisho.

Unazikumbuka hadithi zake za maharamia: Nahodha Kobe mwenye kitambaa jichoni, bata baharia anayeogopa maji, na mbuzi mtunza ramani aliyeila ramani yenyewe, ikawa kila wakitaka kujua njia lazima wambembeleze acheue. Marehemu alizipima kwa cherehani yangu. Alinisomea nikishona sare za shule. Cherehani ikisimama kwa kicheko changu, sentensi inabaki; ikiendelea kunguruma, anaifuta bila kinyongo.

Juzi mhariri aliniita. Ofisini kwake mna viti viwili, kimoja chake na kingine cha vitabu, basi nilisimama. Akasema, mama, hadithi zinachekesha, ila sura ya mwisho haifai. Nahodha anatoroka tunduni siku ya kunyongwa, mbuzi akiwa ameitafuna kamba pamoja na hukumu, tena anaondoka akimpungia mkono hakimu. Watoto watajifunza nini? Anataka Kobe apige magoti, aombe radhi, arudishe nanga zote alizoiba, na abaki jela. Nikamuuliza kobe anapigaje magoti. Hakucheka. Akasema eti marehemu angekuwepo angeelewa. Nikamjibu kwamba marehemu aliishi na mimi miaka kumi na minne, hakuishi na yeye. Nikayazoa madaftari yote kumi na mawili, nikayatia kwapani, nikatoka.

Nawe kaka umeniuliza: mwenye kitabu hayupo, nani atalalamika?

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Kila daftari ni sura moja, na marehemu aliishia daftari la kumi na moja. Kalamu ilimtoka mkononi wakati Nahodha akiwa bado tunduni, kamba imeshatundikwa. Baada ya mazishi nililitazama daftari lile kila asubuhi, nikaona siwezi kumwacha humo. Nikanunua daftari la kumi na mbili, nikauiga mwandiko wake unaolalia kushoto, nikaandika. Shule yangu unajua ilipoishia, lakini nikaandika. Sikuwa na wa kumpimia, nikamsomea fundi viatu wa jirani. Alijigonga kidole kwa nyundo kwa kucheka, akasema, endelea, dada, kidole kitapona.

Basi wa kulalamika yupo. Ni mimi. Nimeshamzika mmoja, kaka. Wa pili simziki, wala simpigishi magoti.

Kesho narudi kwa mhariri nimwambie ukweli: sura ile niliiandika mimi, ichapwe ilivyo, na jina langu likae chini ya la mume wangu. Akikataa, mjini hapa hakuna mchapaji mmoja tu, na miguu ninayo.

Nisalimie wifi sana, mwambie gauni lake limebaki vifungo tu. Wabusu watoto. Usiponijibu nitajua umenuna, nami nitakuandikia tena hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
mwandishi wa sura ya kumi na mbili.