Kitochi Tumboni mwa Mama Ardhi

Ijumaa, 1 Agosti
Leo tumemlisha Mama Ardhi. Kila Agosti lazima ale kwanza, la sivyo gari langu la kubebea antena za kusikiliza nyota linakwama. Mjomba Florentino, mlinzi wa geti, alichimba shimo chini ya antena namba saba. Divai, nyama ya llama, ngamia wetu wadogo wa milimani, majani ya koka ya kutafuna. Mimi nilimwaga mfuko wangu wote wa koka, kwa moyo mkunjufu. Upepo ukatutoa machozi, tukafukia bila kuona vizuri.

Jioni — kitochi changu! Nilikificha ndani ya ule mfuko. Simu ni marufuku kule juu mlimani, antena zinasikia kila kitu. Ukikamatwa, kazi kwisha.

Jumamosi, 2 Agosti
Nimemdokeza mjomba kwamba tungefukua kidogo. Kanijia juu. Alichokula Mama Ardhi hakiombwi, Nieves, unataka llama wote waharibu mimba?

Mkewe analalamika hapokei simu. Eti imetumbukia mtoni. Mto wetu haufiki kifundo cha mguu.

Jumatatu, 4 Agosti
Kelele kwenye antena. Bosi wetu, Injinia Valdivieso, anasema tunatafuta gesi ya nyota zilizokufa kabla dunia haijakuwepo, tunasikia simu ya mjinga mmoja. Mjinga nikatikisa kichwa kwa masikitiko kama wenzangu.

Mjomba ametukagua getini hadi soksi.

Jumanne, 5 Agosti
Naomba betri ife. Vitochi bwana, vinakaa na chaji wiki nzima. Ndiyo maana nilikinunua.

Jumatano, 6 Agosti
Naandika ndani ya gari. Injinia alizunguka na kipimo chake cha mawimbi ya simu mpaka namba saba, akasimama juu ya shimo. Mjomba akamzuia: hapo ni mezani kwa Mama Ardhi, Injinia, tuheshimu. Saa sita kamili kengele ya kitochi changu ikalia chini ya mawe. Mlio wa jogoo. Nilitamani ardhi inimeze, ila ilikwisha kushiba.

Nikafungua mdomo nikiri. Hapo zikaanza tarumbeta — kengele ya simu ya mjomba ya kumkumbusha dawa ya presha, ukoo mzima tunaijua. Mjomba akakohoa kwa nguvu. Haikusaidia.

Injinia akauliza, ziko ngapi humo? Akaenda kutafuta koleo.

Sasa mjomba yuko dirishani, mpira wa oksijeni puani kwa hewa haba ya huku juu, mpole sijapata kumwona hivi. Mpwa wangu, wewe bado kijana, kazi utapata nyingine. Sema zote mbili ni zako.

Injinia anarudi. Kabeba makoleo mawili.